Jack London, Ngumi na Kipande cha Nyama

Kila ubishi wa hadithi bora za michezo ukianza hosteli kwetu, washikaji wanataja filamu. Mimi nataja hadithi fupi ya mwaka 1909, kurasa chache tu, inaitwa A Piece of Steak. Aliyeiandika ni Jack London, yule yule wa mbwa na theluji. Wengi tunamjua kwa hao mbwa, lakini huyu bwana aliandika ngumi vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsoma, na ukifuatilia maisha yake unaona kwa nini.

Alizaliwa San Francisco, Marekani, tarehe 12 Januari 1876. Mama yake aliitwa Flora Wellman; jina la London lilitoka kwa baba wa kambo. Utotoni alilelewa kwa sehemu kubwa na Virginia Prentiss, mama Mweusi aliyezaliwa utumwani. Mkumbukeni huyu mama, nitamrudia. Akiwa bado mtoto kabisa Jack alikuwa ameshaajiriwa kwenye kiwanda cha vyakula vya makopo Oakland, senti 10 kwa saa, kazi ya kusimama kutwa nzima. Akachoka. Akakopa dola 300 kwa mama Prentiss, akanunua mashua, akawa mwizi wa chaza usiku. Mwaka 1893 alikwenda hadi bahari ya Japani na meli ya kuwinda sili. Mwaka uliofuata akazurura Marekani kwa kudandia treni, mpaka akafungwa siku 30 jela ya Buffalo kwa kosa la uzururaji. Yaani kosa lenyewe ni kutokuwa na pa kwenda.

Jela ndiyo iliyomrudisha shule. Akasoma kwa fujo, akafaulu mtihani wa kuingia Chuo Kikuu cha California pale Berkeley mwaka 1896. Alidumu muhula mmoja. Hakufeli, pesa ndiyo iliisha, na nyumbani walikuwa wanamtegemea. Mwaka 1897 huo huo alimwandikia barua mwanamume aliyeaminika kuwa baba yake mzazi, na yule akajibu kwamba si baba yake. Hebu jiweke hapo: una miaka 21, chuo umeacha, baba amekukana. Akafunga mzigo kwenda kutafuta dhahabu Klondike. Alirudi bila dhahabu ya maana, ameugua kiseyeye kwa kukosa matunda na mboga, ila kichwani ana hadithi. Akajiwekea sheria ya kuandika maneno 1,000 kila siku. Mwaka 1903 kikatoka The Call of the Wild na dunia ikamjua, ingawa haki za kitabu alikuwa ameziuza kwa dola 2,000 tu.

Sasa ngumi. Alizipenda tangu ujana, alivaa glovu na marafiki zake, na baadaye alikuwa akipigana kwa mazoezi na mke wake, Charmian. Mwaka 1905 alitoa riwaya fupi, The Game, kuhusu kijana anayepanda ulingoni mara ya mwisho kabla ya kuoa. Sisemi zaidi. Mwaka 1907 akaanza safari ya kuzunguka dunia kwa mashua yake mwenyewe, ikakatishwa na maradhi, na ndivyo alivyojikuta mgonjwa Sydney, Australia, mwishoni mwa 1908.

Hapo Sydney ndipo penye hadithi yangu. Tom King ni bondia mzee. Siku ya pambano anakula mkate na mchuzi wa unga, watoto wamelazwa mapema wasiuone, mke hajala. Alitamani kipande cha nyama tu, lakini wauza nyama hawamkopeshi tena. Kila aliyewahi kukataliwa na Mangi mwezi ambao bumu limechelewa anaujua ule ukimya wa kurudi mikono mitupu. Tom hana nauli, anatembea maili mbili mpaka ukumbini. Mpinzani ni kijana, ana nguvu za kumwaga. Tom ana akili. Anapumzika katikati ya pambano, anamwacha dogo ajichoshe, anajongea ili raundi ikiisha awe karibu na kona yake asipoteze hatua hata moja. Ni hesabu ya maskini, kila senti ya nguvu ina kazi yake. Na anakaribia kabisa kushinda. Kinachopungua ni ngumi moja, na ngumi hiyo ni ile nyama. Hakuna bahati mbaya wala refa aliyehongwa. Ni njaa tu, na kwangu hapo ndipo ilipo nguvu ya hadithi.

Lakini siwezi kumsifia nikanyamaza mengine. Tarehe 26 Desemba 1908, Sydney hiyo hiyo, Jack London aliketi kuripoti pambano ambalo Jack Johnson alimpiga Tommy Burns na kuwa Mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Aliandika kwa uaminifu kwamba Burns hakuwa na lolote. Kisha, katika ripoti hiyo hiyo, akamtaka bingwa mstaafu Jim Jeffries, Mzungu, arudi akauchukue ubingwa. Mtoto aliyelelewa na Virginia Prentiss! Jeffries alirudi kweli, tarehe 4 Julai 1910 kule Reno, na Johnson akamaliza kazi raundi ya 15. London alikuwepo pia, na akakiri ubora wa Johnson.

Halafu mwaka 1911 akatoa The Mexican. Kijana mdogo wa Kimeksiko anapigana Los Angeles apate pesa za bunduki za mapinduzi, na ukumbi mzima, hadi refa, uko upande wa bondia wao Mmarekani. Msomaji unajikuta uko upande wa yule kijana kwa moyo wote. Miaka mitatu baadaye mwandishi huyo huyo alikwenda Meksiko akaandika kuunga mkono jeshi la Marekani kuingia kule. Nimejaribu kumtetea mbele ya wenzangu nikashindwa. Hadithi zake zilikuwa na haki kuliko yeye. Mimi naendelea kuzisoma, na asiyetaka simlaumu.

Jambo moja la kuchekesha: alipokaukiwa visa, alikuwa akivinunua kwa kijana asiyejulikana aitwaye Sinclair Lewis, kikiwemo cha riwaya ya ngumi The Abysmal Brute. Kijana huyo alipata Nobel mwaka 1930.

London hakuyaona hayo. Figo zilimshinda, akafariki kwenye shamba lake California tarehe 22 Novemba 1916, akiwa na miaka 40. Hadithi zake hazina tena hakimiliki, zinapatikana bure mtandaoni. Anza na ya nyama, ila kula kwanza.