Daktari Aliyeona Kabla ya Wenzake

Uko kazini Jumatatu. Tatizo limeletwa mezani, na kabla chai haijapoa wewe ushaona jibu. Wenzako bado wanaulizana, bosi anasema tungoje mkutano mwingine. Unakaa pale ukiungua ndani kwa ndani. Kama huyo ni wewe, hebu soma maisha ya daktari Ignaz Semmelweis.

Alizaliwa mwaka wa 1818 mjini Buda, ambao leo ni sehemu ya Budapest, Hungaria. Mwaka wa 1846 alianza kazi kama daktari msaidizi katika hospitali kuu ya Vienna, Austria, upande wa kina mama wanaojifungua. Kulikuwa na wadi mbili. Ya kwanza ilifundisha madaktari, ya pili wakunga. Katika wadi ya kwanza, kati ya kina mama 100 karibu 10 walikuwa wanakufa kwa homa ya uzazi. Katika ya pili hawakufika wanne. Wanawake wa mji walijua. Wadi hizo zilipokea wagonjwa kwa zamu, na mama akisikia leo ni zamu ya wadi ya kwanza, alipiga magoti akilia asipelekwe huko. Wengine waliona heri kujifungulia njiani.

Wakubwa walisema ni hewa mbaya ya mji. Semmelweis akajiuliza, hewa gani hii inaua wadi moja na kuiacha ya jirani? Akaanza kujaribu. Wadi ya pili kina mama walijifungua wakiwa wamelala ubavu. Akaagiza na huku wafanye hivyo. Vifo vikaendelea. Padri alikuwa akipita wadini na kengele akienda kwa anayekata roho. Akamwomba anyamazishe kengele na apite njia nyingine, labda ni hofu inayoua. Wapi! Vifo vikaendelea.

Halafu mwezi wa Machi 1847 rafiki yake, Profesa Jakob Kolletschka, alikatwa na kisu cha mwanafunzi walipokuwa wakipasua maiti, akafa. Semmelweis aliposoma ripoti ya mwili wake alishtuka: ugonjwa ulikuwa ule ule wa kina mama. Hapo akaunganisha mambo. Madaktari na wanafunzi walitoka mochari wakaenda moja kwa moja kwa kina mama. Wakunga hawakupasua maiti. Kumbe mauti yalikuwa yanabebwa mikononi.

Katikati ya Mei akaweka beseni la maji ya klorini. Hakuna kumgusa mama bila kunawa. Mwezi wa Aprili, zaidi ya 18 kati ya 100 walikuwa wamekufa. Kufikia Juni walikuwa karibu wawili tu. Mwaka wa 1848 kulikuwa na miezi miwili ambayo hakufa hata mama mmoja kwa homa hiyo.

Ungedhani wangembeba juu juu. La. Bosi wake, Profesa Johann Klein, hakukubali. Kukubali kungemfanya daktari akiri kwamba mikono yake mwenyewe imeua, na hilo si jambo la kumezwa kwa siku moja. Mwaka wa 1849 Semmelweis hakuongezewa mkataba.

Wenzake walikosea, na kosa lao lilizikwa makaburini. Hatuwatetei. Lakini mtazame na yeye. Alikuwa na marafiki wenye heshima, akina Skoda na Hebra, waliomtetea na kutaka aandike, aeleze hatua kwa hatua. Miaka ikapita hajaandika. Kwake jambo lilikuwa wazi, sasa kueleza ni kwa nini? Mwaka wa 1850 aliondoka Vienna ghafla, hata marafiki hao hakuwaaga. Huko Pest aliokoa kina mama wengi kwa njia ile ile. Kitabu chake kilitoka 1861, miaka 14 baada ya lile beseni, na ndani yake anawashambulia wapinzani. Kisha akawaandikia maprofesa barua za wazi akiwaita wauaji. Barua ya namna hiyo haimfungui mtu masikio.

Mwaka wa 1865 akili yake ilikuwa imevurugika. Alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili huko Vienna, na wiki mbili baadaye, Agosti 13, akafa kwa kidonda kilichotia sumu damu yake. Alikuwa na miaka 47. Leo chuo kikuu cha udaktari Budapest kinaitwa kwa jina lake.

Kuna jambo moja linalonichoma. Semmelweis mwenyewe alikuwa na bidii sana mochari. Alipogundua ukweli alikiri kwamba yeye pia alikuwa amepeleka kina mama wengi kaburini bila kujua. Yaani hata yeye alichelewa. Alihitaji miezi, majaribio yaliyoshindwa, na kifo cha rafiki ndipo aone. Lakini wenzake aliwataka waone mara moja.

Mpendwa, jibu likikaa kichwani mwako peke yako bado halijamsaidia mtu. Wiki hii liandike. Onyesha hesabu, onyesha na pale ulipokosea kabla hujafika. Mtafute mwenzako mmoja aliye karibu kuelewa, umshike mkono. Mwachie bosi nafasi ya kukubali bila kuaibika mbele ya watu. Na ukiona wanachelewa huku watu wanaumia, usitukane, na beseni usiliondoe. Endelea kunawa, endelea kueleza. Aliye mzito leo, jana ulikuwa wewe.