Okot p'Bitek: Malenga aliyepoteza kazi kwao, Kenya ikampokea

JINA la Okot p'Bitek linapotajwa shuleni, aghalabu huandamana na Song of Lawino, shairi refu lililochapishwa kwa Kiingereza jijini Nairobi mwaka 1966. Ni wachache wakumbukao kwamba alilitunga kwanza kwa Kiacholi, na kwamba nakala hiyo ya asili haikuchapishwa hadi 1969. Lugha ya mama ilitangulia kuzaa, ikawa ya mwisho kusomwa.

Alizaliwa Gulu, kaskazini mwa Uganda, mwaka 1931. Mamake alikuwa mwimbaji aliyesifika, na nyimbo hizo ndizo zilizomlea.

Kilichomfikisha Uingereza, ajabu, ni kandanda. Mwaka 1956 alisafiri na timu ya Uganda iliyosakata mpira miguu mitupu, na wenzake waliporudi yeye akabaki kusoma: ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, kisha anthropolojia Oxford. Huko Oxford alikerwa na wahadhiri waliowazungumzia Waafrika kama washenzi. Hasira hiyo haikumtoka kamwe. Kitabu chake kuhusu dini za Kiafrika na wasomi wa Magharibi kiliwashutumu bila kumung'unya maneno. Nayo tasnifu yake ya uzamifu, Oxford iliikataa.

Lawino, mke wa kijijini anayedharauliwa na mumewe Ocol aliyesoma, ndiye aliyebeba hoja hiyo kwa wasomaji wa kawaida. Si haki kumwona kama mlalamishi tu. Ana kejeli kali kumshinda mumewe mwenye vitabu.

Nyumbani, Okot alisimamia Jumba la Michezo ya Kuigiza la Kitaifa jijini Kampala. Baada ya safari ya Zambia, ambako aliwakosoa wanasiasa, alifutwa. Akavuka mpaka. Mnamo 1968 aliandaa tamasha la sanaa mjini Kisumu, kisha akafunza Chuo Kikuu cha Nairobi. Idi Amin alipotwaa mamlaka mwaka 1971, njia ya kurudi ikazibika. Mwaka uo huo alichapisha shairi la mfungwa anayeteseka gerezani, akatunukiwa Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1972.

Kwa Kiswahili, Lawino alifasiriwa na Paul Sozigwa mwaka 1975.

Amin alipong'olewa mwaka 1979, Okot alirejea na kufunza Makerere. Alifariki Kampala Julai 1982, akiwa na umri wa miaka 51.