Muhamadi Kijuma: mwandishi wa Lamu aliyepamba herufi za Kiswahili

Kadi ya mchango wa harusi ikifika Ikombe, majina ya maharusi huwa yameandikwa kwa herufi za mlazo zenye mikia mirefu na vitanzi, nene hapa, nyembamba pale. Siku hizi fundi wa steshenari huzichagua kwenye kompyuta kwa sekunde chache. Asili yake, hata hivyo, ni mkono wa mtu na kalamu iliyochongwa. Katika pwani ya Bahari ya Hindi, ambako Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi, mmoja wa mabingwa wa mwandiko huo alikuwa Muhamadi Kijuma.

Alizaliwa Lamu, katika Kenya ya leo, katikati ya karne ya 19. Alikuwa mshairi, mwanamuziki na mchonga mbao. Na kweli, aliyezoea kuchonga ua kwenye mlango hapati taabu kupinda mkia wa herufi.

Kazi yenyewe haikuwa urembo mtupu. Kiarabu kina alama tatu za irabu, Kiswahili kina irabu tano. Kwa maandishi ya zamani, neno kuku na neno koko yaliweza kuandikwa sawasawa, na sauti kama p na v hazikuwa na herufi zake. Mnakili asiyejua ushairi angeharibu utenzi mzima bila kujua. Kijuma aliujua. Mwaka 1913 aliandika Utendi wa Fumo Liyongo, wenye beti zaidi ya 200, na utenzi wake wa Siraji ni wasia kwa mwanawe.

Watafiti wa Ulaya walimtafuta: Alice Werner na William Hichens wa Uingereza, na Ernst Dammann wa Ujerumani aliyekaa Lamu miaka ya 1930. Aliwanakilia tenzi, tena kwa malipo, akiwa tayari mzee. Nyumbani haikumletea sifa tupu. Katika mji wa dini kama Lamu, muziki wake na ukaribu wake na Wazungu, wamisionari wakiwemo, vilizua maneno.

Wakati huohuo herufi zake zilikuwa zinapoteza nafasi. Shule za serikali za kikoloni zilifundisha kwa herufi za Kirumi. Huku kwetu kaskazini mwa Ziwa Nyasa, wamisionari wa Berlin, walioifanya Ikombe kuwa mojawapo ya vituo vyao miaka ya 1890, nao walikuja na herufi hizohizo. Ndiyo maana mzee wa Kyela aliyesoma zamani hakuwahi kuhitaji mwandiko wa Lamu.

Kijuma alifariki mwaka 1945. Miswada yake mingi iko London na Ujerumani, na baadhi imepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti. Mswahili anayetaka kuisoma leo, hata kama kila neno ni la lugha yake, itambidi kwanza ajifunze alfabeti.