Askofu Mkuu Matthew Parker na Vitabu vya Watawa

Wakristo wa dayosisi yetu wamezoea kulisikia jina la Cambridge, kwa kuwa huko ndiko Daktari Livingstone alikosema na wanavyuo mwezi wa Desemba 1857, na kutokana na maneno yale ikaanza Misheni ya Vyuo Vikuu iliyotuletea Injili. Katika mji huo kuna chuo kidogo, jina lake Corpus Christi, kinachotunza hazina ya vitabu vya kale vilivyoandikwa kwa mkono juu ya ngozi. Twaona yafaa, katika kitabu hiki cha jubilei, kueleza habari za mtu aliyevikusanya. Maana waalimu hutaka kujua vitabu vya kale vilipatikanaje, na jibu lake si la kupendeza tupu.

Matthew Parker alizaliwa Norwich mwaka 1504, mwana wa mfumaji nguo. Baba yake alikufa yeye angali mtoto, lakini akasomeshwa hata akaingia chuo cha Corpus Christi. Mwaka 1535 akawa kasisi wa Malkia Anne Boleyn. Mwaka uliofuata malkia huyo aliuawa kwa amri ya mumewe, Mfalme Henry wa Nane. Kabla ya mambo hayo alikuwa amemwomba Parker amwangalie binti yake Elizabeth, mtoto ambaye hata miaka mitatu hajatimiza. Amana hiyo Parker hakuisahau kamwe.

Miaka ile ile mfalme alizivunja nyumba za watawa. Kati ya 1536 na 1540 nyumba zipatazo 800 zilifungwa. Mashamba, fedha na risasi za mapaa zikachukuliwa. Vitabu havikuwa na mwenyewe. Mtu mmoja wa wakati ule, John Bale, ambaye mwenyewe aliwachukia watawa, aliona haya kwa mambo aliyoyaona. Wengine walisugulia vinara vya mishumaa kwa kurasa zile, wengine viatu, wengine wakazipeleka chooni. Wauza sabuni na viungo walifungia bidhaa zao. Shehena nyingine zilivuka bahari kwenda kwa wajalidi. Ameandika habari za mfanyi biashara mmoja aliyenunua vitabu vya maktaba mbili kubwa kwa shilingi 40, akavitumia miaka kumi kwa kufungia vitu, na bado vilikuwa havijamwishia. Sisi tuliokwisha kununua karanga zilizofungwa kwa karatasi ya daftari la shule twaweza kuiona picha hiyo vizuri. Na tusifiche: waliofanya hayo walidhani wanalitakasa Kanisa.

Parker alikuwa wa upande huo huo wa matengenezo. Mwaka 1544 akawa mkuu wa chuo chake, na 1547 akaoa mke, Margaret. Malkia Mary alipotawala, Parker alinyang'anywa vyeo vyake kwa sababu ya ndoa hiyo, akaishi kwa kujificha. Na usiku mmoja katika kukimbia alianguka farasi, akapata maumivu yaliyomsumbua hata kufa. Basi Elizabeth aliporithi kiti cha enzi, alimtaka awe Askofu Mkuu wa Canterbury. Parker alikataa mara nyingi, akatoa udhuru wa afya na udhaifu wake. Lakini alikuwa na deni kwa mama wa malkia, akakubali. Aliwekwa wakfu tarehe 17 Desemba 1559.

Alipokwisha kukaa katika kiti hicho, alikuta swali moja kila mahali: Kanisa lenu lilikuwa wapi kabla ya Mfalme Henry? Parker akatambua kwamba jawabu limo katika vitabu vile vilivyokuwa vikifungiwa sabuni. Akapeleka watu wake huku na huko kuvitafuta, na mwaka 1568 baraza la malkia likampa ruhusa ya kudai kuonyeshwa vitabu vilivyotoka katika nyumba za watawa, popote vilipo. Mmoja wa watu wake alisema kwamba peke yake alikusanya vitabu 6,700 katika miaka minne, ingawa vingi havikubakizwa.

Katika vitabu hivyo Parker aliona hotuba za padre Ælfric, aliyeishi yapata mwaka 1000, zilizoandikwa kwa Kiingereza cha kale ambacho karibu kila mtu alikuwa amekisahau. Karani wake John Joscelyn alijifunza lugha hiyo, na mpiga chapa John Day akachonga herufi zake. Hivyo hotuba ya Pasaka ya Ælfric ikapigwa chapa, ili watu waone kwamba wazee wao walifundishwa dini kwa lugha ya nyumbani.

Lakini Parker hakuwa mtunzaji kama watunzaji wa leo. Alitia alama kwa chaki nyekundu. Aliunganisha vitabu viwili kuwa kimoja, akafuta maandiko yaliyomzuia, akawaagiza makarani waige hati ya kale kujaza kurasa zilizopotea. Wataalamu hulalamika mpaka sasa, nao wana haki. Hata hivyo kitabu kilichochorwa chaki chasomeka. Kilichofungia sabuni hakipo.

Alikufa tarehe 17 Mei 1575, akaachia Corpus Christi vitabu vya mkono zaidi ya 400. Aliwajua wanavyuo vema, kwa hiyo akaweka sharti: vitabu vihesabiwe, na ikiwa vimepotea kupita idadi aliyoitaja, vyote viende chuo cha Gonville and Caius, nao wakizembea, viende Trinity Hall. Basi wenye kutamani kurithi ndio waliofanywa wakaguzi. Havijahama hata leo.

Mwili wake haukupata ulinzi kama huo. Mwaka 1648, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, kaburi lake katika kanisa la Lambeth lilivunjwa, mifupa ikatupwa katika jaa la samadi, hata mfalme aliporudi ikatafutwa na kuzikwa tena pale pale.

Katika vitabu alivyookoa kimo kitabu cha Injili kilichoandikwa Italia katika karne ya 6, kilichokaa Canterbury kwa watawa wa Mtakatifu Augustino. Mapokeo husema kwamba ndicho Papa Gregori alichompa Augustino, yule mmisionari aliyefika kwa Waingereza mwaka 597 walipokuwa bado hawajabatizwa. Maaskofu wakuu wa Canterbury hukitumia wanapoketishwa katika kiti chao. Na mwezi wa Septemba 2010 kilitolewa Cambridge, kikapelekwa Westminster Abbey, na Papa Benedikto wa Kumi na Sita na Askofu Mkuu Rowan Williams wakakiheshimu pamoja.