James Clerk Maxwell na Pia ya Rangi

James Clerk Maxwell alizaliwa mjini Edinburgh, Uskochi, tarehe 13 Juni, 1831, akalelewa shambani Glenlair. Tangu utotoni hakukiacha kitu kabla ya kuelezwa jinsi kinavyofanya kazi, na jibu la juu juu halikumtosha. Mama yake alifariki mwaka 1839. Mwalimu aliyeajiriwa kumfundisha nyumbani alimwona mzito wa akili, akawa anampiga. Shuleni nako wenziwe walimcheka kwa mavazi na lafudhi yake ya shamba. Mtoto huyo huyo, akiwa na umri wa miaka 14, makala yake ya hisabati ilisomwa mbele ya Royal Society of Edinburgh.

Wengi humkumbuka kwa kanuni za umeme na usumaku. Sisi twapenda kumtazama akiwa na pia yake. Juu ya pia alipanga karatasi za duara, nyekundu, kijani na buluu, zilizokatwa upande mmoja ili zipishane, naye aweze kuongeza au kupunguza sehemu ya kila rangi. Katikati aliweka duara dogo la nyeusi na nyeupe. Pia ilipozunguka kwa kasi rangi ziliungana machoni. Akazirekebisha mpaka kijivu cha nje kikalingana na cha ndani, kisha akapima kila sehemu. Matokeo aliyatoa mwaka 1855. Iligundulika pia kwamba manjano na buluu zikizungushwa pamoja hazitoi kijani, ingawa rangi za maji zikikorogwa hukitoa. Mwalimu asiyetenganisha mambo hayo mawili huwapotosha wanafunzi wake.

Tarehe 17 Mei, 1861, mjini London, alionyesha picha tatu za utepe mmoja, zilizopigwa na Thomas Sutton kupitia vichujio vya rangi hizo tatu. Zilipomulikwa pamoja ukutani, utepe ulionekana na rangi zake. Alifariki Cambridge tarehe 5 Novemba, 1879, akiwa na miaka 48.

Programu za kuonyesha video leo zafuata njia yake. Hupokea namba za mwangaza na za tofauti za rangi, zikazigeuza kuwa nyekundu, kijani na buluu. Lakini namba hizo zimepindwa kwa hesabu iitwayo gama, ili nyingi zitumike penye giza, ambapo jicho hutambua tofauti ndogo. Katika kipimo cha 0 hadi 255, nusu ya mwanga wa kioo cha kompyuta huandikwa yapata 188, wala si 128. Programu ikichanganya nyeupe na nyeusi pasipo kuiondoa gama kwanza, hupata 128, na mchanganyiko huwa na giza mno.

Pia haina kosa hilo, kwa kuwa huchanganya mwanga wenyewe. Mwanachuo na akate duara la boksi, alipake nusu nyeupe na nusu nyeusi, achomeke kijiti katikati, alizungushe mbele ya darasa. Awaulize watoto kwanza kijivu kitakuwa cheusi kiasi gani, ndipo wakitazame.