Bibi Fanny na Majina ya Majabali

Siku hizi mume na mke wa Ulaya au wa Marekani wakipakia hema garini, wakaenda kumaliza likizo yao ya kiangazi kwa kupanda majabali na kulala porini, hapana anayegeuza shingo kuwatazama. Ni jambo la kawaida kwao, kama vile kwetu kwenda Lamu kwa maulidi. Lakini yuko bibi mmoja aliyezifanya safari za namna hiyo pamoja na mumewe zaidi ya miaka 120 iliyopita, wakati ambapo mwanamke wa tabaka lake alitakiwa akae sebuleni amiminie wageni chai. Wala hakwenda kwenye vilima vya karibu na kwao. Alikwenda Karakoram, kule kaskazini ya Kashmir, kwenye milima ambayo wataalamu wa ramani wa siku zile walikuwa bado hawajamaliza kuichora. Bibi huyo ni Fanny Bullock Workman. Jina lake ni refu, nami nitamwita Bibi Fanny.

Alizaliwa tarehe 8 Januari 1859 katika mji wa Worcester, jimbo la Massachusetts. Dhiki hakuijua. Baba yake, Alexander Bullock, alikuwa Gavana wa jimbo hilo kuanzia 1866 hadi 1869, na binti alisomeshwa New York, kisha akapelekwa Paris na Dresden. Mwaka 1882 aliolewa na daktari, William Hunter Workman, aliyemzidi umri kwa miaka 12. Daktari ndiye aliyempeleka mlimani kwa mara ya kwanza, katika majira ya joto, kwenye milima ya New Hampshire, ambako Mount Washington una urefu wa mita 1,917. Vyama vya wapanda milima vya huko vilikuwa vikiwakubali wanawake, na Bibi Fanny akaonja kitu ambacho hakukiacha tena.

Mwaka 1889 Daktari William aliacha kazi kwa sababu ya afya, wakahamia Ujerumani. Maradhi hayo yaliyomstaafisha hayakumzuia kupanda milima akiwa na zaidi ya miaka 60, wala kufikia umri wa miaka 90. Huenda mlima ndio uliokuwa dawa, huenda maradhi yalikuwa kisingizio. Mungu ndiye ajuaye.

Walijaaliwa watoto wawili, Rachel aliyezaliwa 1884 na Siegfried aliyezaliwa 1889. Mwaka 1893 Siegfried alishikwa na homa ya mafua ikamwingia mapafuni, akafa. Alikuwa mtoto mdogo wa miaka minne. Wazazi wengine msiba kama huo huwafungia ndani. Hawa uliwatoa nje. Tangu hapo hawakukaa mahali. Rachel aliachwa kwa walezi na katika shule za bweni, akawa anawaona wazazi wake pale walipopita baina ya safari na safari. Mimi sioni njia ya kulisifu jambo hilo. Mtoto aliyebaki hai naye alikuwa na haki yake. Hata hivyo binti alikua akawa mtaalamu wa elimu ya miamba, mmoja wa wanawake wa kwanza waliokubaliwa katika Chama cha Jiolojia cha London mwaka 1919. Labda damu ya majabali ilikuwa imeshamwingia.

Safari zao za mwanzo zilikuwa za baiskeli. Mwaka 1895 walikwenda Algeria, nchi ya Waislamu iliyokuwa chini ya Wafaransa, kisha wakaizunguka Hispania kiasi cha kilomita 4,500. Bibi alivaa sketi ndefu, blauzi ya shingo iliyofungwa na kofia ngumu ya jua, na kwenye usukani wa baiskeli akatundika birika la bati la chai. Alichukua pia mjeledi kwa ajili ya mbwa. Kutoka 1897 walikwenda Ceylon, India, Burma na Java, na kwa jumla walikanyaga pedali kiasi cha kilomita 22,500. Walichukua chai, sukari, biskuti, jibini, nyama ya kopo, blanketi na vifaa vya kuzibia mipira. Hivyo vya mwisho vilitumika sana, maana ziko siku walizoziba matundu hata 40. Wakikosa pa kulala, walilala katika chumba cha kungojea gari la moshi.

Ilipofika kiangazi cha 1898 joto la bara Hindi liliwashinda. Wakaziacha baiskeli, wakapanda milimani kutafuta baridi, na huko ndiko walikopotelea. Tangu mwaka huo mpaka 1912 walirudi katika milima ile mara nane.

Hapana budi nieleze kidogo mahali penyewe. Theluji inapoanguka mwaka baada ya mwaka bila kuyeyuka, hushindiliwa kwa uzito wake mwenyewe ikawa barafu ngumu kama jiwe, na barafu hiyo huteremka bondeni polepole kama mto uliosinzia. Karakoram ina mito ya barafu mirefu kuliko karibu yote iliyoko duniani nje ya nchi za ncha. Siachen peke yake una urefu wa kilomita 76. Juu yake kuna nyufa zenye kina kirefu, na theluji mpya huzifunika zisionekane, kama jamvi lililotandikwa juu ya mdomo wa kisima. Ndiyo sababu watu hufungana kamba: akitumbukia mmoja, wenzake wamzuie. Zaidi ya hayo, hewa ni nyepesi. Mtu hupumua asishibe, kichwa kikamgonga, usingizi ukamhama. Nguo za siku zile zilikuwa za sufi na pamba, si hizi za leo zenye manyoya ya bata ndani, na chupa za hewa hawakuwa nazo.

Katika 1899, wakiongozwa na Mzurbriggen, yaani Matthias Zurbriggen, bingwa wa milima ya Ulaya, walipita kwenye barafu ya Biafo, na Bibi Fanny akapanda vilele vitatu mmoja baada ya mwingine. Cha kwanza kilikuwa na kiasi cha mita 5,700. Alikipa jina la Siegfriedhorn, yaani Pembe ya Siegfried. Mtoto aliyekuwa amefukiwa miaka sita nyuma, mama yake akamwekea jina mahali ambapo hapana mtu angefika kulikanyaga. Kilele cha pili, chenye mita 5,930, alikipa jina lake mwenyewe. Cha tatu, Koser Gunge, kilikuwa na mita 6,400, na mpaka siku hiyo hakuwapo mwanamke aliyejulikana kufika juu kiasi hicho.

Utaratibu wa wawili hao ulikuwa wa ajabu kwa zama zao. Mwaka huu mke akiongoza msafara, akaajiri watu, akapanga chakula na njia, mume alishughulika na picha na vipimo. Safari iliyofuata walibadilishana. Vitabu vinane waliviandika pamoja, majina yao mawili bega kwa bega. Watu wa makamo yangu wanaijua nyumba ambamo mwanamume husema mimi nimejenga, hali tofali zimelipwa kwa vitumbua vya mkewe. Katika jambo hili William alikuwa mwungwana.

Kiangazi cha 1906, akiwa na miaka 47, Bibi Fanny alifika juu ya Pinnacle Peak katika milima ya Nun Kun. Walilala katika hema juu ya theluji kupita mita 6,000. Kilele chenyewe kina mita 6,930, na hapana mwanamke aliyemzidi mpaka 1934. Lakini yeye alikitangaza kuwa na zaidi ya mita 7,000. Siku zile urefu ulipimwa kwa uzito wa hewa, na kwa maji yanayochemka. Hapa pwani maji huchemka kwenye digrii 100, na kadiri unavyopanda huchemka mapema zaidi, takriban digrii moja kwa kila mita 300. Hewa ikibadilika siku hiyo, hesabu nayo hukosea.

Neno hilo la vipimo ndilo lililozaa ugomvi uliomshusha kidogo machoni pangu. Mwaka 1908 Mmarekani mwenzake, Annie Peck, mwalimu asiye na mali na aliyekuwa amemzidi umri, alipanda Huascarán huko Peru, akakisia kuwa mlima huo unapita mita 7,000. Bibi Fanny hakulala. Alitoa dola 13,000, fedha nyingi mno kwa wakati ule, akapeleka wapimaji wa Kifaransa mpaka Peru. Wakarudi na jawabu: mita 6,648. Taji likabaki kwake. Alikuwa na haki ya kutaka ukweli, sikatai. Lakini fedha hizo zilitumika kumpunguzia mwanamke mwenzake mita mia chache, na kilele chake mwenyewe hakupeleka mtu kukipima upya.

Sasa niwataje wale waliobeba hema, unga, vyombo vya picha na birika. Sisi wa mwambao neno mpagazi hatufundishwi maana yake. Wapagazi wa Bibi Fanny walikuwa Wabalti, Waislamu wa mabonde ya Skardu, watu wa vijiji kama Askole na Arandu, vilivyo ukingoni mwa barafu. Katika dola ya Kashmir ya siku zile mwanakijiji aliweza kulazimishwa na wakubwa wake kuubeba mzigo wa msafiri, apende asipende, wakati mwingine hali shamba lake linamngojea katika miezi michache ya jua anayoipata. Alipanda barafuni na viatu vya kuzungushia ngozi miguuni, blanketi moja, na unga wake mgongoni. Haikuwa ajabu basi kwamba waligoma, na kwamba mara nyingi walitua mizigo wakarudi kwao. Vitabu vya wenyeji hawa wa Massachusetts vimejaa lawama juu yao: wavivu, waongo, wezi. Wasafiri wengine wa zama zile zile walipita na Wabalti wakawasifu kwa uvumilivu. Mimi naamini mtu anayelala ndani ya hema hawezi kuwa hakimu mwema wa mtu anayelala nje yake. Katika kurasa nyingi hizo wapagazi wametajwa kwa idadi; walio wengi majina yao hayakuandikwa.

Mmoja ambaye jina lake limebaki ni Cesare Chenoz, mpagazi wa Kitaliana aliyeletwa kutoka Ulaya. Ilikuwa 1912 juu ya Siachen, safari iliyoongozwa na Bibi Fanny. Theluji ilifunguka chini ya miguu ya Chenoz akatumbukia katika ufa, na bibi mwenyewe alikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Walimtoa akiwa hai, lakini baridi ilikwishamwingia, akafa. Msafara ulisimama, ukafikiri, kisha ukaendelea. Wapimaji Grant Peterkin na Surjan Singh walichora ramani nzuri kuliko zote za safari zao, maana zile za kwanza zilikuwa na makosa ambayo wataalamu hawakuyanyamazia. Na katika kiangazi hicho hicho, kwenye uwanda wa theluji wa kiasi cha mita 6,400, Bibi Fanny alifungua gazeti lililodai kura kwa wanawake, akalishika mbele ya kifua, akapigwa picha. Wanawake wa Marekani walipata haki hiyo kwa nchi nzima mwaka 1920.

Kitabu cha safari hiyo kilitoka 1917, na ndani yake alieleza waziwazi kwamba kiongozi alikuwa yeye, akisema kwamba kazi ya mwanamke isipoandikwa jina lake hupewa mwanamume aliyekuwa karibu. Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Mwaka 1905 alipohutubia Chama cha Kifalme cha Jiografia huko London, alikuwa mwanamke wa pili tu kufanya hivyo, na chama chenyewe kilikuwa hakiwapokei wanawake kuwa wanachama.

Vita vya 1914 viliifunga milango ya safari. Mwaka 1917 aliugua, na ugonjwa ukaendelea kwa miaka mingi mpaka alipofariki Cannes, Ufaransa, tarehe 22 Januari 1925. Aliwaachia vyuo vinne vya wanawake vya Marekani dola 125,000. William alimfuata 1937, na majivu yao yamewekwa pamoja Worcester.

Siachen imekuwa mahali pengine kabisa. Tangu Aprili 1984 majeshi ya India na ya Pakistan yamekaa katika eneo la barafu hiyo yakitazamana, na baridi na maporomoko ya theluji yameua askari wengi kuliko risasi. Kwenye kichwa cha barafu hiyo kiko kipenyo kati ya vilele kiitwacho Indira Col. Wengi hudhani ni jina la Indira Gandhi, aliyekuwa Waziri Mkuu wa India jeshi lilipopanda huko. Sivyo. Jina hilo lilikuwapo kabla Indira Gandhi hajazaliwa. Bibi Fanny ndiye aliyelitoa, mwaka 1912, kwa jina la mungu wa kike wa Wahindu.