Max Jacob, Mshairi wa Montmartre

Ni desturi yetu kumpima mtu kwa mtaa anaokaa. Tukisikia kwamba fulani hulala mchana na kukesha usiku, wala hana kazi ya kueleweka, shauri lake tumekwisha kulikata. Basi tutazame maisha ya Max Jacob.

Alizaliwa mwaka 1876 huko Quimper, Ufaransa, katika ukoo wa Kiyahudi. Alikwenda Paris kusoma, akaacha masomo, akafuata ushairi na uchoraji. Mwaka 1902 alimpokea chumbani mwake kijana Mhispania, Pablo Picasso. Kitanda kilikuwa kimoja tu: usiku Max alilala na mwenzake akachora, mchana Max alikwenda kazini dukani, na mwenzake akalala.

Baadaye walihamia kilima cha Montmartre. Huko wachoraji fukara walijazana katika nyumba ya mbao yenye bomba moja tu la maji. Max alikaa jirani, akiwatabiria watu bahati zao na kuvuta etha ili kujilevya.

Mwezi Septemba 1909, aliporudi chumbani, aliona sura ya Kristo ukutani. Akaenda kuomba ubatizo. Mapadre walisita, na rafiki zake wakacheka. Akangoja zaidi ya miaka mitano. Alibatizwa tarehe 18 Februari 1915, na msimamizi wake alikuwa Picasso yule yule.

Ubatizo haukumgeuza kuwa malaika. Alizirudia anasa za usiku, akaungama, akaanguka, akaungama tena. Mwaka 1921 alikimbilia kijiji cha Saint-Benoît-sur-Loire, penye kanisa la kale la watawa. Mwaka 1928 akarudi Paris. Mwaka 1936 akahamia tena kijijini, akishika Misa na sala.

Wajerumani waliotawala Ufaransa wakati wa vita hawakujali ubatizo wake. Kwao alikuwa Myahudi tu. Walimkamata tarehe 24 Februari 1944. Tarehe 5 Machi alikufa kwa kichomi katika kambi ya Drancy, karibu na Paris.

Mapadre waliosita walikuwa na sababu zao, kwani si kila asemaye ameona ameona kweli. Hata hivyo mtu huyu alishikilia mpaka kufa imani aliyoingojea muda mrefu hivyo. Akibisha leo mlangoni petu mtu wa namna yake, nguo zikinuka moshi wa kilabuni, je, tutamngojesha miaka mingapi?